Jibini na Kamba Katika Mizani ya Lishe: Uduvi na Mtindi Visisahaulike

Swali la kipi kina lishe zaidi kati ya jibini na kamba wa baharini huonekana jepesi kujibiwa, kwa kuwa vyote viwili ni vyakula vya bei ya juu, vyote viwili husifiwa kwa wingi wa protini, na viini vyake vimekwisha kupimwa katika maabara na kupangwa katika majedwali ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Hata hivyo, wasomaji wengi wa majedwali hayo hutafuta mshindi mahali ambapo hakuna mashindano. Jibini na kamba hufanya kazi tofauti mwilini, na thamani ya kila kimoja hutegemea pengo lililokuwamo katika sahani ya mlaji kabla chakula hicho hakijapakuliwa. Makala haya yanashikilia kwamba ulinganisho huo, ukifanywa kwa uangalifu, humfikisha msomaji mahali asipopatarajia, yaani kwenye vyakula viwili vya bei nafuu ambavyo familia nyingi za Afrika Mashariki huvijua tangu utotoni na bado huvionea haya mbele ya wageni: uduvi na mtindi.

Kabla ya kupima, vinavyopimwa havina budi kujulikana. Jibini, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ni maziwa yaliyogandishwa, yakaondolewa sehemu kubwa ya maji yake, yakatiwa chumvi na, kwa aina nyingi, yakawekwa kwa wiki, miezi au hata miaka ili yakomae. Kamba ni viumbe wa majini wenye gamba jepesi na miguu mingi. Katika pwani ya Waswahili jina hilo hutumika kwa wale wa ukubwa wa kawaida, wakubwa huitwa kambamiti, kamba kochi ni mwingine kabisa mwenye gamba gumu na bei yake peke yake, na wale wadogo mno, wanaokaushwa juani na kuuzwa kwa mafungu sokoni, ndio uduvi. Tofauti hizo za majina zina uzito mkubwa katika mjadala wa lishe, kwa sababu kambamiti humenywa na uduvi huliwa mzima, na gamba linalotupwa au kuliwa hubadilisha hesabu nzima, kama itakavyoonekana mbele.

Kwa kufuata desturi ya wataalamu wa lishe, hesabu huanza na gramu 100 za kila chakula. Gramu 100 za jibini gumu la aina ya cheddar hutoa takribani kilokalori 400 za nguvu, gramu 23 hadi 25 za protini, gramu 33 za mafuta na miligramu 700 hivi za kalsiamu, ambayo ndiyo madini makuu ya mifupa na meno. Gramu 100 za kamba waliomenywa na kuchemshwa bila mafuta hutoa takribani kilokalori 100, gramu 20 hadi 24 za protini, gramu moja au chini yake ya mafuta, na kalsiamu isiyozidi miligramu 70. Kwa mtazamo wa kwanza, vyakula hivi viwili vinalingana katika protini na kutofautiana katika karibu kila jambo jingine: jibini lina nguvu mara nne na kalsiamu mara kumi au zaidi, ilhali kamba hana mafuta ya kutajika.

Hesabu ya gramu 100 ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hakuna anayekula vyakula hivi kwa kiasi kinacholingana. Mlaji wa jibini kwa kawaida hula kipande cha gramu 30, kinachotosha kufunika mkate, na mlaji wa kamba akiandaliwa wali wa nazi na mchuzi humaliza gramu 100 au 150 bila kuhisi kwamba amekithiri. Kwa kipimo hicho cha mezani, kipande cha jibini hutoa gramu 7 tu za protini pamoja na gramu 10 za mafuta, na sahani ya kamba hutoa gramu 20 na zaidi za protini karibu bila mafuta. Njia nyingine ya kuliona jambo hili ni kuuliza kila gramu moja ya protini inamgharimu mlaji nguvu kiasi gani: katika jibini ni takribani kilokalori 17, katika kamba ni takribani kilokalori 4. Kwa mtu mzima wa mjini anayekaa ofisini kutwa na kuhangaika kupunguza uzito, tofauti hiyo ni neema ya kamba. Kwa mtoto mwembamba ambaye tumbo lake ni dogo na uji wake ni mwepesi, tofauti hiyo hiyo ni neema ya jibini, kwa sababu anahitaji nguvu nyingi ndani ya tonge chache.

Ubora wa protini zenyewe hauhitaji mabishano marefu. Protini hujengwa kwa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, na tisa kati ya hivyo mwili wa binadamu hauwezi kuvitengeneza wenyewe, hivyo ni lazima vitoke katika chakula. Jibini na kamba vyote vinavyo vyote tisa kwa kiasi cha kuridhisha, jambo ambalo mahindi, muhogo na ndizi haviwezi kujivunia. Ndiyo maana kiasi kidogo cha chakula chochote kati ya hivi viwili, kikiambatana na ugali au wali, huinua thamani ya mlo mzima kuliko ukubwa wake unavyoashiria. Chakula kikuu hushibisha, na kitoweo ndicho kinachokamilisha ujenzi wa mwili.

Suala la mafuta ndilo lililowatisha watu wengi, na ndilo linalohitaji maelezo ya utulivu. Zaidi ya nusu ya mafuta ya jibini ni yale yanayoitwa mafuta yaliyoshiba, yaani yanayoganda katika joto la kawaida la chumba kama samli inavyoganda asubuhi ya baridi, na mafuta ya aina hii huelekea kupandisha lehemu mbaya katika damu. Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni kitu chenye asili ya mafuta ambacho mwili hukihitaji kwa kujenga kuta za seli, lakini kikizidi katika damu huganda kwenye mishipa na kuhatarisha moyo. Kamba, kwa upande wake, hana mafuta yaliyoshiba ya kutajika, ila ana lehemu nyingi kuliko jibini, takribani miligramu 190 kwa gramu 100 dhidi ya 100 za jibini, na kwa sababu hiyo kwa miaka mingi watu wenye matatizo ya moyo walikatazwa kumla.

Katazo hilo limelegea kwa sababu za kisayansi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller cha New York, uliochapishwa mwaka 1996, uliwalisha watu wenye afya gramu 300 za kamba kila siku kwa wiki tatu, ukaonyesha kwamba lehemu mbaya ilipanda kwa takribani asilimia 7, lehemu nzuri inayosafisha mishipa ikapanda kwa takribani asilimia 12, na mafuta mengine katika damu yakapungua. Baadaye, mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 hadi 2020 uliondoa kikomo cha miligramu 300 za lehemu kwa siku kilichokuwa kimezoeleka, kwa kuwa kwa watu wengi mafuta yaliyoshiba hupandisha lehemu ya damu kuliko lehemu inayoliwa. Jibini nalo limepata utetezi wake: majaribio yaliyolinganisha jibini na siagi yenye mafuta ya kiasi kile kile yameonyesha kwamba jibini hupandisha lehemu mbaya kwa kiasi kidogo kuliko siagi, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kalsiamu ya jibini hushikamana na sehemu ya mafuta tumboni na kutoka nayo pamoja na choo. Fundisho la tafiti hizi ni kwamba chakula hakipaswi kuhukumiwa kwa kiini kimoja kilichotengwa na vingine, kwa sababu mwili hupokea mchanganyiko mzima.

Chumvi ni jambo ambalo jibini haliwezi kulikwepa. Bila chumvi jibini gumu lingeharibika kabla ya kukomaa, na gramu 100 za cheddar huwa na miligramu 600 hivi au zaidi za sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu, na jibini jeupe linalohifadhiwa katika maji ya chumvi huweza kuvuka miligramu 1,000. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu, hivyo kipande kimoja cha jibini humaliza karibu sehemu ya kumi ya posho hiyo. Kamba mbichi ana sodiamu kidogo kwa asili yake, ingawa anayechemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kukaushwa hupoteza sifa hiyo, na uduvi uliotiwa chumvi unastahili kuoshwa vizuri kabla ya kupikwa.

Katika madini na vitamini nyingine, kila upande una eneo lake la nguvu. Jibini hutoa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili, pamoja na zinki na fosforasi kwa wingi, lakini madini ya chuma yanayohitajika kutengeneza damu hayamo kwa kiasi cha maana. Kamba hutoa seleni kwa wingi, pamoja na madini joto, ambayo bila hayo tezi ya shingo huvimba na kuwa rovu na akili ya mtoto aliye tumboni huweza kudumaa. Jambo hili lina historia yake nchini Tanzania, kwa kuwa nyanda za juu kusini, zilizo mbali na bahari na zenye udongo uliooshwa na mvua, zilisumbuliwa sana na rovu kabla chumvi haijaanza kuongezwa madini joto. Vyakula vyote viwili vina vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea na ambayo mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 kwa siku, na gramu 100 za chochote kati ya hivyo hutoa sehemu kubwa ya hitaji hilo.

Rangi ya kamba nayo ina somo lake. Kamba mbichi ana rangi ya kijivu inayoelekea ubuluu, na anapoingia katika mafuta ya moto huanza kuona haya, kwanza mkiani, kisha mgongoni, hadi mwili wote uwe wa waridi. Rangi hiyo ilikuwamo tangu mwanzo, katika kiini kiitwacho astazanthini ambacho kamba hukipata kutokana na mimea midogo ya majini, ila ilikuwa imefungwa ndani ya protini, na joto ndilo linaloifungua protini hiyo na kuiachia rangi ionekane. Kwa mpishi, mabadiliko hayo ni saa: nyama ikishakuwa ya waridi na kujikunja, inatosha, na dakika chache zaidi huifanya ngumu kama mpira. Mapishi ya muda mfupi huokoa ladha, na iwapo kamba hajazamishwa katika mafuta mengi, huokoa pia ile sifa yake kuu ya kuwa na protini nyingi bila mafuta.

Upande wa maziwa, kikwazo kikubwa ni laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, ambayo humeng'enywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Karibu watoto wachanga wote huzaliwa nacho, lakini kwa watu wazima wengi duniani, wakiwamo wengi wa Afrika, hupungua sana, na maziwa mabichi huwaletea gesi, maumivu ya tumbo na kuharisha. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, uliochunguza jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata uwezo wa kunywa maziwa utu uzimani kwa mabadiliko ya jeni yaliyotokea peke yake, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Wasio na urithi huo wana njia nyingine, kwa sababu katika utengenezaji wa jibini sehemu kubwa ya laktosi huondoka na maji, na inayobaki huliwa na bakteria wakati wa kukomaa, hata jibini gumu likabaki karibu bila laktosi kabisa. Vipande vya vyungu vyenye matundu vilivyochimbuliwa nchini Poland, vyenye umri wa zaidi ya miaka 7,000 na mabaki ya mafuta ya maziwa, vinaonyesha kwamba wakulima wa kale walilijua jibini wakati ambapo wengi wao walikuwa bado hawawezi kunywa maziwa mabichi bila kuugua. Wafugaji wa Afrika Mashariki walilitatua tatizo hilo hilo kwa kuyachachusha maziwa katika vibuyu, na ndiko kulikotoka mtindi, maziwa lala na mursik ya Wakalenjin.

Yapo makundi ambayo kwao mmoja kati ya vyakula hivi ni hatari. Kamba ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio kwa wingi zaidi, kutokana na protini ya misuli yake iitwayo tropomiosini ambayo haiharibiwi na mapishi, na mwenye mzio huo huweza kuvimba midomo na koo hadi kushindwa kupumua. Kamba wa kibiashara huweza kuwekewa dawa za salfaiti ili wasifanye madoa meusi, na dawa hizo huwachokoza baadhi ya wenye pumu. Wagonjwa wa jongo, yaani maumivu ya viungo yanayotokana na wingi wa asidi ya uriki, hushauriwa kupunguza kamba, na jibini kwao halina tatizo hilo. Kwa upande mwingine, jibini laini lililotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu vya bruselosi na listeria, na listeria humdhuru zaidi mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, ilhali kamba aliyeiva vizuri humfaa mama huyo, kwa kuwa ana zebaki kidogo sana akilinganishwa na samaki wakubwa.

Baada ya kuvipima vyakula kwa viini vyake, inafaa kuvitazama kwa njia vinavyopatikana, kwa sababu lishe iliyomo kwenye jedwali haimfikii mtu mpaka ipite mkononi mwa mfugaji, mvuvi na mchuuzi. Katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wafugaji hutengeneza jibini kwa ujuzi ulioletwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji. Maziwa hupashwa moto hadi yawe vuguvugu, hutiwa reneti, kimeng'enya ambacho kwa asili hutoka katika tumbo la ndama, na baada ya muda huganda kama uji uliopoa. Kisha hukatwakatwa kwa kisu, maji ya rangi ya manjano hafifu hutiririka pembeni, na yale mabonge meupe hushindiliwa katika vyombo vya duara na kutiwa chumvi. Mahali ambapo barabara hukatika kwa mvua na usalama hukatika kwa vita, ujuzi huo una maana kubwa, kwa kuwa maziwa yasiyofika mjini Goma siku hiyo hiyo huharibika, na jibini huvumilia safari.

Pamoja na hayo, jibini lina gharama ambayo bei ya dukani haiionyeshi. Kilo moja ya jibini gumu hula takribani lita 10 za maziwa. Lita hizo 10 zina takribani gramu 330 za protini na gramu 12 za kalsiamu, na kilo ya jibini inayotokana nazo hubaki na takribani gramu 240 za protini na gramu 7 za kalsiamu, na iliyobaki huondoka na maji ambayo mara nyingi hupewa nguruwe au humwagwa. Kama maziwa yale yale yangegeuzwa mtindi, hakuna gramu ambayo ingepotea, sehemu ya laktosi ingepunguzwa na bakteria, chumvi isingehitajika, na bilauri moja ya robo lita ingempa mtoto takribani miligramu 300 za kalsiamu, kiasi kinachozidi kile cha kipande cha jibini cha gramu 30. Jibini ni akiba ya maziwa ya mbali, na kwa familia iliyo karibu na ng'ombe, mtindi unatoa zaidi kwa gharama ndogo.

Kilicho kweli kwa jibini na mtindi ni kweli pia kwa kambamiti na uduvi. Kambamiti humenywa, na kalsiamu yake nyingi hutupwa pamoja na gamba. Uduvi huliwa na gamba lake, kichwa chake na kila kilichomo. Jedwali la taifa la viini vya vyakula la Japani linaonyesha kwamba kamba wadogo wa huko waitwao sakura ebi, wakikaushwa wazima, huwa na miligramu 2,000 za kalsiamu kwa gramu 100, karibu mara tatu ya jibini. Uduvi wa Bahari ya Hindi ni wa spishi nyingine, lakini huliwa kwa namna hiyo hiyo na kwa sababu hiyo hiyo ni hazina ya kalsiamu, pamoja na protini ambayo ukaushaji huikusanya hadi ikapita nusu ya uzito wa chakula chenyewe. Ni kweli kwamba sehemu ya gamba, kitu kigumu kiitwacho kitini, haimeng'enywi vizuri, na kwamba mwili haufyonzi kalsiamu yote iliyoliwa. Hata hivyo, ukipunguza hesabu hiyo kwa nusu, uduvi bado hauondoki katika daraja la jibini.

Mapishi yake hayahitaji jokofu wala tanuri. Uduvi hupepetwa kwenye ungo ili vumbi litoke, huoshwa kwa maji mengi mara mbili au tatu hadi mchanga uishe chini ya bakuli, hukaangwa kidogo bila mafuta hadi harufu yake ibadilike, kisha huungwa kwa kitunguu, nyanya, bilingani au mchicha, na kumalizwa kwa tui la nazi na kamulio la ndimu. Uliokaangwa hivyo huweza pia kusagwa kuwa unga, na kijiko kimoja cha unga huo katika uji au mboga ya mtoto aliyekwisha kuanza vyakula vya nyumbani humpa protini na kalsiamu ambazo uji mtupu hauna, mradi uanze kwa kiasi kidogo na mzazi atazame dalili za mzio. Haba na haba hujaza kibaba, na mfupa wa mtoto hujengwa kwa kijiko cha leo, cha kesho na cha keshokutwa kuliko kwa karamu moja ya mwisho wa mwezi.

Uchungu wa chakula bora kutomfikia anayekizalisha unaonekana wazi mkoani Njombe, nchini Tanzania. Mkoa huo una baridi, majani na ng'ombe wa maziwa, na jibini lake limepata jina zuri katika maduka ya mijini. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takribani nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani kimo kifupi kuliko umri wao kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara, ilhali wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 30. Si haki kulilaumu jibini kwa hali hiyo, kwa kuwa udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maji machafu, kazi nzito za akina mama zinazowanyima muda wa kuwalisha watoto, na mazoea ya kuwapa uji mtupu. Lakini takwimu hiyo inatosha kuvunja dhana kwamba mahali panapozalisha chakula bora ndipo panapokila. Katika delta ya Rufiji, penye msitu mkubwa zaidi wa mikoko nchini Tanzania, hali haitofautiani sana: kambamiti husafiri katika barafu kwenda hotelini na ng'ambo, na uduvi, ambao hauna mnunuzi wa mbali, huachiwa wenyeji kama kitu cha wanyonge.

Dharau hiyo ndiyo inayopaswa kukomeshwa, na haitakomeshwa kwa maneno matupu, kwa sababu baadhi ya manung'uniko dhidi ya uduvi yana msingi. Uduvi unaoanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga, nzi na vinyesi vya ndege, na mlaji anayesikia kokoto kati ya meno yake ana haki ya kulalamika. Dawa yake inajulikana, nayo ni vichanja, yaani meza za miti na wavu zinazoinua uduvi kutoka ardhini ili hewa ipite chini na juu, na halmashauri zinazotumia fedha nyingi kwa semina za lishe zingefanya jambo la maana zaidi kama zingewajengea akina mama wa pwani vichanja hivyo. Vile vile, uvuvi wa uduvi kwa vyandarua vya mbu huzoa vifaranga vya samaki na vya kamba wenyewe, na hauwezi kutetewa kwa jina la lishe, kwa kuwa unaila kesho ya bahari ili kushibisha leo. Kamba wengi hukulia katika vijito vya mikoko kabla ya kurudi baharini kutaga mayai, hivyo kila mkoko unaokatwa kwa mkaa au kwa kupisha mashamba ni chakula kilichopunguzwa mezani. Kenya ilipozisimamisha meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, na Tanzania ikasimamisha uvuvi wa kamba wa meli kubwa muda mfupi baadaye, serikali hizo zilikiri kwamba hazina hiyo huweza kwisha.

Jibu la swali lililofungua makala haya, basi, linaweza kutolewa bila kigugumizi. Mtu anayehitaji protini bila mafuta na bila nguvu nyingi atanufaika zaidi na kamba. Anayehitaji kalsiamu, vitamini A na nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo atanufaika zaidi na jibini, akiwa mwangalifu wa chumvi yake. Mgonjwa wa jongo na mwenye mzio wa kamba ataegemea kwenye maziwa, na asiyeweza maziwa ataegemea kwenye bahari. Lakini mzazi mwenye kipato cha kawaida, anayesimama sokoni na fedha ya mboga ya siku moja, hana sababu ya kuhuzunika kwamba hawezi kununua jibini wala kambamiti, kwa kuwa fungu la uduvi na lita moja ya mtindi vinampa mtoto wake protini, kalsiamu na vitamini B12 ambazo vyakula hivyo vya bei ya juu vingempa. Wanaodaiwa zaidi ni wenye madaraka na wenye kalamu: waulinde mkoko unaolea kamba, wajenge kichanja kinachousafisha uduvi, wahakikishe kwamba katika kila kijiji chenye ng'ombe wa maziwa kikombe cha kwanza kinabaki kwa mtoto wa kijiji hicho kabla gari la kiwanda halijawasili, na wakome kuviita vyakula hivi vya kimaskini mbele ya watoto wanaovihitaji ili wakue.